Kutoka Boda Hadi Boda: Baiskeli na Madai ya Njia Yake Katika Nchi Zetu

Mwanzoni mwa muhula huu niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi jepesi: watoe fasili ya neno "bodaboda" kwa sentensi moja. Karatasi 31 zilirudi. Zote zilisema, kwa maneno yaliyotofautiana kidogo, kwamba bodaboda ni pikipiki inayobeba abiria kwa malipo. Hakuna hata moja iliyotaja baiskeli. Sikumkata mtu alama, maana fasili hiyo ndiyo matumizi ya leo. Ila nilirudi ofisini nikiwa na mawazo, kwa sababu mjomba wangu alinilipia karo ya shule ya msingi kwa pato la bodaboda, na katika maisha yake yote hajawahi kumiliki pikipiki.

Makala haya ni historia fupi ya chombo kilichotupa neno hilo, na ya watu waliokidai kipewe njia ya kupita. Mwalimu wa lugha anaweza kuuliza habari za barabara zinamhusu nini. Zinamhusu, kwani sehemu kubwa ya historia hii haikuandikwa popote isipokuwa katika maneno.

Busia

Mji wa Busia umekatwa na mpaka, upande mmoja Kenya na upande wa pili Uganda. Zamani, kati ya lango la nchi moja na lango la nchi ya pili palikuwa na umbali wa zaidi ya nusu maili. Gari lililotaka kuvuka lilihitaji karatasi nyingi na subira nyingi zaidi. Abiria wa basi aliteremshwa upande mmoja, akajitwika mzigo wake na kutembea juani hadi upande mwingine. Hapo ndipo vijana wa Busia, kuanzia miaka ya 1960, walipoona riziki. Walifunga mto juu ya keria ya baiskeli, wakasimama langoni na kuita: boda! boda! Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyeshuka basi: nitakutoa mpaka huu hadi mpaka ule. Malaba, iliyoko kaskazini, nayo ni njia ya kuvukia, lakini malango yake yalikuwa karibu karibu, na mtu aliweza kutembea bila kuchoka. Ndiyo maana kazi hii ikazaliwa Busia.

Tutue kidogo kwenye neno lenyewe. Limetoka katika Kiingereza, likapoteza sauti ya mwisho isiyotamkika kwetu na kupata irabu, kama ilivyo kawaida ya maneno ya mkopo. Kisha likafanyiwa uradidi. Katika "polepole" na "harakaharaka" uradidi unaongeza nguvu ya neno. Katika "bodaboda" unafanya kazi nyingine kabisa: boda ya kwanza ni mahali pa kutoka na boda ya pili ni mahali pa kufika. Neno zima ni safari. Matatu na daladala zilipewa majina kwa nauli zilizotozwa, bali bodaboda ilipewa jina kwa masafa yake. Na kama vijana wale wangetumia neno letu la Kiswahili, leo tungekuwa tunapanda "mpakampaka", na sijui watoto wangetuuliza habari za paka wangapi.

Miaka ya 1970 iliipa baiskeli ya mpakani kazi ambayo wazee hawapendi kuisimulia. Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni nchini Brazil na bei ya kahawa duniani ikapanda kupita kiasi. Mkulima wa Uganda alitakiwa kuiuzia serikali kahawa yake kwa shilingi ambayo thamani yake ilikuwa ikiyeyuka. Ng'ambo ya mpaka, katika soko la Chepkube chini ya Mlima Elgon, kahawa ileile ilileta fedha ya maana. Ikavuka usiku kwa vichwa vya watu, kwa punda na kwa baiskeli. Neno la Kiswahili "magendo" likaingia katika Luganda na hata katika Kiingereza cha Uganda, na limebaki humo mpaka leo. Nilipomuuliza mjomba kama naye alibeba, alinijibu kwa namna yake.

"Mwanangu, wewe ulikula nini mwaka ule?"

"Sikumbuki, mjomba."

"Basi na mimi sikumbuki nilibeba nini."

Kutoka Busia kazi hii ilienea pande zote mbili: Tororo, Mbale, Iganga na Jinja kwa upande wetu, Bungoma, Kakamega na Kisumu kwa upande wa Kenya. Jina likafuata, japokuwa katika miji hiyo hapakuwa na boda yoyote ya kuvuka. Kuanzia miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kushika nafasi katika miji ya Uganda. Kenya ilichelewa kidogo, lakini mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, mambo yakabadilika upesi. Katika muda wa miaka michache tu vituo vya baiskeli vikawa vituo vya pikipiki, na neno likahama bila kuaga.

Mtu asije akadhani kwamba mwendesha baiskeli alipanda cheo tu. Wengine walipanda, ni kweli. Lakini baiskeli iliweza kununuliwa kwa mavuno ya msimu mmoja, na ikawa mali ya mwenyewe. Pikipiki ya wengi ni ya mkopo au ni ya tajiri anayesubiri hesabu yake jioni. Isitoshe, aliyekuwa na miaka 50 mwaka ule hakuwa tena na umri wa kujifunza chombo kipya na kushindana na vijana wa miaka 20. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Alirudi shambani. Baiskeli yake sasa inabeba maji.

Chombo chenye majina mengi

Anayetaka kujua jinsi baiskeli ilivyoenea katika nchi zetu asikilize inavyoitwa. Waganda huiita "eggaali", na Wanyarwanda "igare". Yote mawili yamechukuliwa katika neno letu "gari", ambalo nasi tulilipata kutoka Bara Hindi. Ni jambo la kufurahisha kwamba neno lililokuja na misafara ya Kiswahili likaishia kwa chombo cha magurudumu mawili, na treni ilipofika Waganda wakaiita "eggaali y'omukka", sawasawa na gari la moshi la Waswahili. Warundi husema "ikinga", na katika Kiswahili cha Kongo utasikia "kinga". Mwanafunzi kutoka Lubumbashi akisema amekuja kwa kinga, msimwulize anajikinga na nini. Wajaluo wana "ndiga".

Kazi nayo ina majina yake. Kisangani, wakati wa vita, magari yalipoadimika na mafuta kukosekana, baiskeli za abiria ndizo zilizobeba mji. Ziliitwa "toleka", neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Rwanda kuna "umunyonzi", yaani mwendesha baiskeli ya abiria, na wingi wake ni "abanyonzi". Goma wana "chukudu", chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedali wala mnyororo, kinachosukumwa kwa mguu na kubeba viazi, mkaa na kabichi kutoka kwenye miteremko ya Virunga. Mwaka 2009 chukudu ilijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara mjini humo. Nadhani ni chombo cha kimaskini cha pekee katika eneo letu kilichowahi kupewa heshima ya namna hiyo.

Sasa, katika orodha hii yote ya majina ya chombo na majina ya waendeshaji, hakuna jina la njia. Nimewauliza wanafunzi, nimewauliza wenzangu idarani, nimeuliza nyumbani. Kila lugha ina neno la baiskeli. Sikupata hata moja yenye neno la asili kwa ajili ya ukanda wa barabara uliotengwa kwa baiskeli. Sababu si umaskini wa lugha. Lugha hazikuwa na cha kutaja.

Kabla ya lami mwendesha baiskeli alipita pembeni mwa barabara, palipokanyagwa na waenda kwa miguu, na gari lilipopita mara moja kwa saa alisimama likapita. Lami ilipokuja na kupanuliwa, pembeni ndipo palipoliwa kwanza. Aliyebeba mkungu wa ndizi akajikuta amebanwa kati ya lori na mtaro. Na mara nyingi msongamano ulipozidi, jibu la wakuu lilikuwa kumwondoa yeye. Machi 2022 Burundi iliziondoa baiskeli za abiria, pikipiki na bajaji katikati ya jiji la Bujumbura. Rwanda imewawekea abanyonzi mipaka ya saa na ya barabara. Sisemi kwamba wakuu hao hawakuwa na sababu, ajali zipo. Ninasema tu kwamba kati ya kumpa mtu njia na kumwondoa njiani, la pili ni rahisi zaidi na huchukua siku moja.

Walioidai njia

Watu wengi hudhani kwamba njia za baiskeli ni tabia ya Wazungu, kama kula jibini. Historia haisemi hivyo. Uholanzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa ikizitupa baiskeli na kubomoa mitaa ili magari yapite. Mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara za nchi hiyo ndogo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake aligongwa na gari akafa, aliandika makala kali mwaka 1972 kudai mauaji ya watoto yakome, na kichwa cha makala hayo kikawa jina la harakati: Stop de Kindermoord. Wazazi walifunga mitaa, wakaandaa misafara ya baiskeli, wakaenda mpaka kwa wabunge. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao mji usio na magari ulivyo. Njia zilizojengwa baadaye ni tunda la madai hayo.

Kuna misiba mingine miwili ya asili inayofaa kutajwa, kwa kuwa matawi yake yamefika kwetu. Nimeandika misiba, nilikusudia mizizi, lakini mhariri akipenda aiache, kwani kila mmoja wa mizizi hii ulianza na watu waliokerwa. Wa kwanza ni Bogotá, Kolombia. Tarehe 15 Desemba 1974 kikundi cha wapenda baiskeli kiliomba kifungiwe barabara kuu mbili kwa saa chache, na watu wapatao 5,000 wakajitokeza. Tangu 1976 jambo hilo likawa la manispaa, na leo zaidi ya kilomita 100 za barabara za jiji hufungwa kwa magari kila Jumapili. Wa pili ni San Francisco, Marekani, ambako Septemba 1992 makumi machache ya watu walianza kuendesha baiskeli pamoja mara moja kwa mwezi, wakitoka kazini. Waliuita msafara wao Critical Mass. Jina hilo lilitokana na maelezo ya Mmarekani mmoja, George Bliss, aliyeona nchini China jinsi waendesha baiskeli walivyovuka njia panda zisizo na taa: walisubiriana mpaka wakawa wengi wa kutosha, kisha wakaingia pamoja na magari yakasimama.

Tawi la Bogotá liko Kigali. Mwezi Mei 2016 jiji hilo lilianza siku isiyo na magari, Jumapili moja kila mwezi, na mwaka 2018 zikawa mbili. Nimewahi kuiona. Asubuhi barabara pana zilizozoea mabasi zilijaa watoto, wazee waliovaa raba na wanawake waliokuwa wakifanya mazoezi kwa mstari, na madaktari walikuwa wamekaa chini ya hema wakipima shinikizo la damu bure. Baiskeli zilikuwapo, ingawa waliotembea ndio waliokuwa wengi. Kufikia adhuhuri barabara zilirudishiwa magari na kila kitu kikawa kama jana.

Rwanda ina historia ndefu ya mbio. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988 na tangu 2009 imekuwa katika ratiba ya kimataifa. Kati ya tarehe 21 na 28 Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Shule za jiji zilifungwa kwa wiki ile. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwashinda wanaume katika njia ya kilomita 267.5 yenye vilima visivyohesabika, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akawashinda wanawake. Nilitazama kwa televisheni nikawa ninaangalia zaidi watu waliokaa kando ya barabara, kwa sababu miongoni mwao walikuwamo vijana waliopanda kilima kilekile kila asubuhi wakiwa na magunia, na hakuna aliyewahi kuwafungia barabara.

Tawi la San Francisco liko Nairobi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 Critical Mass Nairobi imekuwa ikikusanya waendesha baiskeli kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wamefikia mamia kwa mamia. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini. Uganda ilikuwa imetangulia. Sera yetu ya taifa ni ya mwaka 2012. Tanzania, chama cha UWABA cha Dar es Salaam kiliandaa misafara ya kudai njia miaka mingi kabla mabasi yaendayo haraka hayajaanza mwaka 2016. Mabasi hayo yalipokuja kwenye Barabara ya Morogoro, yalikuja pamoja na njia za baiskeli na za waenda kwa miguu pembeni. Siku niliyopita hapo pikipiki zilikuwa zimeegeshwa juu yake kwa raha zao, lakini njia ilikuwapo, na kitu kilichopo kinaweza kusafishwa.

Hapa kwetu shirika la FABIO, lililoanzia Jinja, limefanya kazi ya namna mbili ambazo aghalabu hazikutani. Kwa upande mmoja limetengeneza baiskeli za kubebea wagonjwa vijijini. Kwa upande wa pili limeandaa siku zisizo na magari na kuzungumza na wahandisi wa miji. Kampala nayo, tangu mwaka 2012, ilizungumza habari ya kuifanya Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum kuwa njia ya miguu na baiskeli. Ujenzi ulikuja miaka mingi baadaye. Aliyesoma sera siku ile akiwa mwaka wa kwanza alihitimu, akaoa na kupata watoto kabla hajaendesha baiskeli pale.

Nina neno moja kuhusu misafara ya pamoja, na wenzangu wanaoendesha wataniwia radhi. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinishawishi nikajiunga na msafara wa Jumapili hapa Kampala. Tulikuwa watu 60 hivi, wenye helmeti na chupa za maji, na kijana mbele akipuliza filimbi kwenye kila makutano. Nilifurahi kuliko nilivyotazamia. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilipita mjini kwa baiskeli bila kutazama nyuma kila dakika. Karibu na soko moja tulimfikia mzee aliyebeba magunia mawili ya mkaa, na kwa muda wa dakika kumi hivi akawa katikati yetu, akipita taa na makutano kwa amani, kengele yake ikilia pamoja na zetu. Mwanafunzi akamwuliza, "Mzee, unatoka wapi?" Akasema alianza safari saa tisa usiku. Hakujua msafara ni wa nini. Alipoelezwa kwamba tunadai njia ya baiskeli alicheka, akauliza kama itafika kwao. Hakuna aliyekuwa na jibu. Kwenye njia panda iliyofuata alikata kushoto, sisi tukaendelea kulia kuelekea mahali tulipoandaliwa chai.

Sidharau chai ile. Mwenye muda wa Jumapili na simu ya kupiga picha ndiye anayeweza kumfikia mhandisi, na mhandisi hujenga kwa ajili ya waliohesabiwa. Mwaka 2016 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu hapo jirani Nairobi, lilizishauri serikali zitenge angalau asilimia 20 ya fedha za usafiri kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Hizo ni fedha nyingi, na zitagawanywa kufuatana na sauti zitakazosikika. Ila mzee yule ndiye anayeendesha kila siku, na sijaona kamati ya misafara hii, katika mji wowote niliopita, yenye mbeba mkaa ndani yake.

Nilimsimulia mjomba habari hizi nilipokwenda kumwamkia wakati wa likizo. Alitaka kujua nauli ilikuwa kiasi gani. Nilipomwambia kwamba hakuna nauli, tunaendesha tu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama baiskeli yangu ina keria.

Haina.

Kwa wanafunzi: ninakusanya msamiati wa baiskeli katika lugha za nyumbani kwenu, yaani majina ya sehemu zake, ya waendeshaji, ya mizigo na namna ya kuifunga, na hasa majina ya njia kama yapo. Karatasi ziletwe ofisini kwangu kabla ya wiki ya mitihani. Andikeni pia jina la kijiji na umri wa aliyewaambia.